Kuishi Kigamboni: uzoefu wangu baada ya kuhama Mwananyamala

Naanza na jibu, maana najua anayetafuta nyumba hana muda wa kuzungushwa. Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuishi kwa mtu ambaye kazi yake iko upande huu huu, au anayeweza kuvuka nje ya saa za asubuhi na jioni. Kwa anayetakiwa kuwa Posta, katikati ya mji, saa mbili kamili kila siku ya kazi, ni mahali pazuri pa kulala, na usingizi wenyewe unakatwa alfajiri. Nasema hivi nikiwa mkazi wa Kibada, huku huku Kigamboni, na napapenda.

Nyumba yetu ina watu wa aina zote mbili. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi huku huku. Anatoka jua likiwa limeshachomoza, mchana anarudi kula, jioni anawakuta watoto wako macho. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya mjini. Ukimuuliza yeye, atakwambia hakuna sehemu ya Dar es Salaam inayoifikia Kigamboni. Ukiniuliza mimi siku ya Jumatatu jioni, jibu litakuwa jingine.

Nizungumzie kuvuka kwanza, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni pantoni, yaani kivuko, inayovuka kutoka Feri ya Kigamboni hadi Magogoni upande wa mjini. Maji yenyewe ni ya dakika chache tu, ukipiga simu moja umefika. Muda unaliwa na kusubiri. Watu wanajaa kwenye jengo la abiria, geti likifunguliwa wote wanasogea kwa pamoja, akina mama wamebeba watoto, wauza samaki wana ndoo zao, wanafunzi wanapenyeza katikati. Mkoba unauvuta mbele ya tumbo na simu unaiweka ndani. Pantoni moja ikiwa kwenye matengenezo, umati unakuwa maradufu na hapo ndipo watu wanapochelewa kazini kwa pamoja. Mwenye gari naye ana foleni yake.

Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, linalounganisha Vijibweni na Kurasini. Lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na kabla yake mwenye gari aliyeshindwa foleni ya pantoni alilazimika kuzunguka Kongowe na Mbagala ndipo aingie mjini. Hakuna kitu kilichobadilisha Kigamboni kama hilo daraja. Unalipa tozo kupita, ilipunguzwa mwaka 2022, na anayepita kila siku hupata nafuu kwa kulipia wiki au mwezi. Lakini daraja linakushusha Kurasini, katikati ya malori ya bandari. Kuanzia pale uko kwenye foleni ile ile ya watu wa Mbagala na Temeke. Maji umeyavuka, mji bado hujauingia. Hili madalali hawalisemi. Wao watakwambia "daraja lipo hapo, dakika kumi uko mjini", na wanakuonyesha nyumba Jumapili mchana, barabara ikiwa tupu.

Ndiyo maana namsihi kila anayeniuliza: kabla hujalipa, vuka Jumatatu asubuhi, na kama unaweza, iwe ya masika, mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Wenye nyumba wengi mjini hapa wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Ukigundua wiki ya pili kwamba huiwezi safari, pesa yako haitarudi.

Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikitoka saa kumi na moja na nusu, nusu saa niliyolala zaidi nailipa kwa saa nzima njiani. Jioni nimezoea kubaki ofisini mpaka baada ya magharibi, umati upungue. Hesabu hiyo inaumiza zaidi kwa mzazi, kwa sababu kuna siku madaftari ya watoto nayaona, wenyewe wameshalala.

Sasa kwa nini bado tuko? Mwananyamala tulikuwa tunaishi ukuta kwa ukuta. Jirani akikohoa unamsikia, mvua ikinyesha mtaro wa mtu mmoja unaingia kwa mwenzake, na gari la kuzoa maji taka lilikuwa likishindwa kuingia uchochoroni. Kibada ni moja ya maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na tofauti unaiona siku ya kwanza. Barabara za mitaa zimenyooka, hata kama nyingi bado ni za mchanga. Boza la maji linafika mlangoni, na la zimamoto lingefika. Watoto wanaendesha baiskeli nje. Upepo wa kusi ukivuma, kati ya Juni na Agosti, tunazima feni usiku. (Januari na Februari ni joto, hilo halikwepeki popote Dar es Salaam, ingawa huku jioni pana upepo kidogo.) Kwa kodi tuliyokuwa tunalipa kwa vyumba viwili na choo cha kushirikiana, hapa tumepata nyumba nzima na uwanja wenye mwembe.

Ila usidhani Kigamboni yote iko kama Kibada. Mji huu wa Dar es Salaam una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na umekuwa ukitanuka kwa kila mtu kwenda kujenga pale alipopata kiwanja. Huku kuna sababu ya ziada. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na watu wa maeneo yaliyohusika wakazuiwa kuendeleza nyumba zao wakisubiri fidia. Miaka ikapita, mpango ukaja kufutwa. Mzee mmoja jirani yetu nyumba yake ilisimama kwenye lenta, bila paa, muda wote huo. Watoto wake walikua wakiona kuta zikiota ukungu. Alipoambiwa yuko huru kujenga, hakuwa tena na nguvu za kujenga. Namheshimu sana kwa kuwa anaeleza haya bila kutukana mtu.

Kwa hiyo leo ukitembea huku unakuta ghorofa lenye vioo, pembeni shamba la mikorosho, mbele yake pagale, nyumba isiyomalizika, ambalo mwenyewe yuko Mwanza au Uingereza, kisha nyumba ya wenyeji yenye makuti ambayo ilikuwepo kabla ya wote. Wenyeji ni wa kale kweli: Mbwamaji palikuwa na watu kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Ukielekea kusini zaidi utayaona maghorofa ya mradi wa nyumba wa Dege, yaliyokaa miaka bila kukamilika wala kukaliwa. Mimi mapagale yananisumbua zaidi ya umbali. Usiku ni giza, hujui nani yuko ndani, na binti yetu simruhusu kupita njia yenye mapagale baada ya saa kumi na mbili jioni. Mtaani kwetu ulinzi shirikishi unafanya kazi, tunachanga kila mwezi na walinzi tunawajua kwa sura. Ukitafuta nyumba, mtafute mjumbe wa mtaa na umuulize kuhusu ulinzi kabla ya kuuliza kuhusu marumaru.

Maji. Hapa nitasifia. Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mji kuingia kwenye mgao mkali, visima virefu vya Kigamboni vilizinduliwa na maji yakapelekwa hadi upande wa mjini. Miaka yote watu wa mjini walikuwa wakituhurumia kwa kukosa maji, na mwaka ule maji yalitoka kwetu kwenda kwao. Mtaa wetu una bomba na mara nyingi linatoa. Lakini mtandao haujafika kila mahali. Ukisogea kwenye mitaa mipya, kila nyumba ina kisima chake au inanunua maboza, na karibu na ufukwe kisima kinaweza kutoa maji ya chumvi. Usiulize "maji yapo?", kwa sababu utajibiwa yapo. Omba kikombe uonje. Paka sabuni mkononi uone kama inatoa povu. Chai yenye chumvi utaizoea, nguo za shule zinazopauka kila wiki hutazizoea.

Chumvi nyingine ni ya hewani, na hii mume wangu anaweza kuizungumzia kutwa nzima kwa sababu ndiyo inayomletea wateja. Nyumba zilizo karibu na bahari zinaliwa. Grili za madirisha zinaota kutu hata kama zilipakwa rangi mwaka jana, misumari ya bati inaoza kabla ya bati lenyewe, nyaya za taa za nje zinageuka kijani. Yeye huwashauri wajenzi mambo mawili bila kuchoka: wasichanganye zege kwa mchanga wa ufukweni, kwa sababu chumvi yake inakula nondo kutokea ndani na ukuta unapasuka, na madirisha yawe ya alumini. Mpangaji naye aangalie chini ya ukuta, usawa wa magoti. Plasta ikiwa inamenyeka hapo na rangi ni mpya, mwenye nyumba amepaka kwa ajili yako. Masika yakija, kabati litanuka uvundo, na viatu vya ngozi usipovitoa juani vitaota ukungu.

Shule za msingi zipo, za serikali na za binafsi. Kwa hospitali tuna ya Vijibweni kwa mambo ya kawaida. Ikifika rufaa ni Temeke au Muhimbili, yaani kuvuka au kuzunguka, na mwenye mgonjwa wa mara kwa mara nyumbani alifikirie hilo kwa uzito.

Kuhusu kununua kiwanja nitasema kidogo tu: usinunue kwa picha wala kwa karatasi ya mauziano ya mtaani peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, hakikisha kimepimwa na jina ni la anayekuuzia. Nimewaona watu wawili wakigombana juu ya msingi mmoja, kila mmoja na karatasi yenye muhuri.

Na bahari yenyewe, ambayo ndiyo inayowavuta wengi? Tunaenda, Mjimwema zaidi, asubuhi ya Jumamosi maji yakiwa yamejaa. Sikukuu ya Idi hatuendi, hakuna pa kukanyaga. Kinachonisikitisha ni kuona kuta zikisogea kila mwaka. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini kuna sehemu mvuvi anazunguka mbali kufika kwenye ngalawa yake kwa sababu ya fensi ya mtu. Kigamboni ikipoteza njia zake za kwenda baharini, itakuwa imepoteza kile kilichowafanya watu wavumilie foleni ya pantoni. Viongozi wa mitaa wangeanza na hilo kabla ya lami.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniuliza kama ahamie huku. Ni muuguzi mjini, anaingia zamu, nyingi za usiku. Nimemwambia aje, tena asije Kibada, atafute chumba na sebule Tungi, umbali wa kutembea hadi Feri. Kodi ya pale iko juu kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini yeye atakuwa anavuka kwenda mjini jioni wakati umati unarudi, na asubuhi atakuwa anarudi wakati umati unakwenda. Pantoni atakayopanda yeye itakuwa na viti vitupu.