Tahadhari: "GTX 1050 Ti" ya Kariakoo iliyonitoa laki nne na nusu

Wakuu, kama una mpango wa kununua kompyuta ndogo ya mezani ya gemu, ile ya mfuko wa kawaida, soma hii kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo. Nimepigwa: nimeuziwa kadi ya picha ya kughushi, ile inayochora gemu kwenye kioo. Na sikupigwa kwa kumtumia hela mtu nisiyemjua. Nimepigwa nikiwa nimesimama dukani, mashine inawaka, nasoma maandishi kwenye kioo kwa macho yangu mwenyewe. Ningekuwa nimetuma hela kizembe ningenyamaza na aibu yangu, lakini hawa wanamliza hata anayekagua.

Mashine ilikuwa ya mpwa wangu. Kamaliza kidato cha sita, kafaulu, na ahadi ni deni. Alitaka kitu kidogo cha kukaa juu ya meza moja na vitabu vyake, kicheze gemu la mpira la FC 24 basi. Kijana kajiandaa kunizidi mimi: alishasoma mahitaji ya gemu akakuta kadi ya picha ya chini kabisa kwa upande wa kampuni ya NVIDIA ni GTX 1050 Ti yenye memori ya GB 4. Ikawa ndiyo wimbo wa nyumba nzima, 1050 Ti, 1050 Ti, mpaka mama yake akaijua.

Tangazo tuliliona Instagram. Kompyuta imewekwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua mekundu, taa za rangi zinamulika kwa nyuma, na maandishi: OptiPlex 7010, i5, ramu 8, SSD, GTX 1050 Ti 4GB, 450,000. Nikaitafuta hiyo 7010 ya Dell kwenye intaneti. Nikakuta ni mashine ya 2023, prosesa za Intel kizazi cha 13. Nikasema hapa nimeokota dodo chini ya mnazi.

Huo ndio ulikuwa mtego wa kwanza na niliingia mzimamzima. Dell wametumia jina OptiPlex 7010 mara mbili. Ipo ya 2012, yenye prosesa za kizazi cha pili na cha tatu, na ipo hiyo ya 2023. Jina moja, katikati kuna zaidi ya miaka kumi. Muuzaji hakuandika uongo hata herufi moja. Aliandika "7010" na "i5" akaniacha nijidanganye mwenyewe. Prosesa ya kwangu ilikuja kuwa i5-3470, yaani kizazi cha tatu, wakati FC 24 inaanzia i5-6600K ya kizazi cha sita. Nilipomuuliza baadaye akanijibu "mzee, i5 ni i5". Si kweli. Namba inayofuata baada ya i5 ndiyo yenye habari yote. Hata neno i7 lisikutishe: i7-2600 ni ya 2011, na i3-10100 ya 2020 inaiacha mbali.

Tukaenda Jumamosi. Winga, yaani dalali wa mtaani, akatupokea mtaa wa Msimbazi tukiwa hata hatujavuka barabara, akajua tunakwenda wapi, akatupandisha ghorofa ya pili kwenye kafremu ka watu watatu kusimama. Jamaa wa dukani mstaarabu, maji ya kunywa katuletea, "karibu bosi wangu, kaa hapa". Akawasha. Akafungua sehemu ya vifaa kwenye Windows, ikaandika NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Akafungua sehemu ya memori, ikasoma 4096. Akaweka San Andreas, ikateleza kama imepakwa mafuta. Mpwa wangu ananiangalia kwa macho ya "mjomba lipa".

San Andreas ni gemu la 2005 kwenye kompyuta. Mashine ya karani wa kata inalicheza. Hilo nililijua na bado sikulifikiria.

Kulikuwa na dalili nyingine mbili, na zote zilinipita. Ya kwanza, waya. Kutoka kwenye kadi kulikuwa na waya umeungwa kwenye plagi za umeme za hard disk. Nikauliza, akasema kadi kubwa lazima ile umeme. Ya pili ndiyo inayoniuma mpaka leo: nyuma ya kadi kulikuwa na tundu la VGA, lile la bluu la pini 15 la kupeleka picha kwenye kioo. Mimi badala ya kushtuka nikafurahi, kwa sababu kioo nilichonacho nyumbani ni cha VGA, nikaona nimeokoa hela ya adapta.

Wakati tunafungasha akaniambia, "ila usiapdeti draiva mzee, ukiapdeti unaiua kadi." Draiva ni ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Nikashukuru kwa ushauri.

Siku mbili San Andreas nyumbani, furaha tupu. Siku ya tatu bando la wiki likaisha kwa kupakua FC 24, gemu likagoma kufunguka. Kijana akaenda tovuti ya NVIDIA kuchukua draiva mpya. Draiva ikasema haioni kadi inayoifahamu. Akajaribu GTA V, dakika kama kumi hivi, kioo kikajaa mistari ya zambarau na kijani, mashine ikaganda. Jioni ile ile nikasikia harufu ya plastiki. Kile kiunganishi cha waya kilikuwa kimelainika kama mshumaa. Tulizima ukutani haraka, na ninamshukuru Mungu tulikuwa nyumbani.

Tukaipeleka kwa fundi Sinza. Hakushika hata bisibisi. Alichomeka flashi, akafungua programu ndogo inaitwa GPU-Z, na mbele ya jina la kadi likatokea neno FAKE na alama ya tahadhari. Dakika moja haikufika. Programu hiyo ni ya bure, haihitaji kuinstoliwa, na tangu toleo la 2.12.0 la 2018 inazitambua kadi za NVIDIA za kughushi. Inaisoma chipu yenyewe, haitegemei jina lililoandikwa juu yake. Ya kwetu ilikuwa GF116, yaani GTX 550 Ti ya 2011.

Wanachofanya ni hiki. Wanachukua kadi ya zamani, wanaandika upya bayosi yake, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili ijitambulishe kwa jina jipya na memori kubwa, kisha wanaweka draiva iliyochezewa ili Windows ikubali. Ni kama mtu achukue Vitz, abandike nembo ya Crown, halafu na kadi ya gari aifanye isome Crown. Ukisoma karatasi ni Crown. Ukipanda mlima wa Sekenke utajua umepanda nini. 1050 Ti halisi ni ya Oktoba 2016 na ina koa (vitengo vya kuchakata) 768. Hii ina koa 192. Memori ya kweli ilikuwa GB 1, ndiyo maana gemu likishaijaza hiyo moja na kuanza kutafuta zile tatu za kwenye makaratasi, kioo kinapasuka rangi. Na draiva mpya haziitambui kwa sababu kadi za ukoo huo NVIDIA walishaacha kuzitengenezea draiva mpya za magemu tangu 2018. Ile "usiapdeti" ilikuwa na maana yake.

Sasa rudi kwenye waya na tundu, maana hizi unaziona bila programu yoyote, hata kwenye picha ya WhatsApp. 1050 Ti inakula wati 75, na huo umeme wote inaupata kwenye nafasi yake kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta. Nyingi hazina tundu la waya kabisa. Zipo chache zilizoongezewa kasi ambazo wanaziwekea, kwa hiyo waya peke yake si ushahidi, ila unatosha kukufanya uulize maswali. 550 Ti inakula wati 116. Mashine yangu ina pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) ya wati 275 isiyo na waya wa kadi, ndiyo maana jamaa aliunga kwenye plagi ya SATA, ile ya hard disk, ambayo kwa volti 12 imekadiriwa kubeba wati 54 tu. Hapo ndipo plastiki ilipoyeyuka. VGA ndiyo haina mjadala: kuanzia familia ya GTX 1000, chipu hizo hazitoi tena picha ya analogi, ile inayopita kwenye VGA. Ukiona 1050, 1050 Ti au 1060 yenye tundu la VGA la bluu, aga uondoke. Usibishane.

Nilirudi Kariakoo Jumatatu iliyofuata. Mstaarabu wa maji ya kunywa akawa mtu mwingine. "Mzigo ukishatoka haurudi." Nikamwonyesha picha ya neno FAKE, akasema hiyo programu ndiyo feki. Risiti niliyokuwa nayo ni kikaratasi cha mkono kilichoandikwa "PC 1 – 450,000", hakina jina la duka, na ndiyo hapo niliposhtuka kwamba sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu nilipunguziwa elfu kumi na tano ya bodaboda. Wiki iliyofuata kwenye fremu ile ile kulikuwa na dada anauza mikoba, hamjui mtu. Winga hapokei simu. Akaunti ya Instagram imeniblock. Namba zao nimeziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na mnaouziwa bidhaa bandia zenye jina la kampuni mjue Tume ya Ushindani ndiyo inayohusika.

Wapo watakaosema nilifuata rahisi. Sikatai. Ila mtu anayetafuta mashine ndogo ndiye anayewindwa zaidi. Anatafuta kadi isiyohitaji pawa saplai kubwa na isiyozidi boksi, kadi hizo halisi ni za aina chache, anazisaka kwa jina moja moja, na matapeli wanayajua majina hayo kuliko yeye. Ukihamia kadi za AMD, washindani wa NVIDIA, nako wapo. Kuna RX 580 zenye maandishi madogo "2048SP". RX 580 kamili ina koa 2304, hiyo ya 2048 kimsingi ni RX 570. Si kadi mbaya, ila ulipe bei ya 570. Na kwenye ramu za DDR3, zile za mashine za zamani, kuna zile za GB 8 za bei chee zinazowaka kwenye bodi za AMD peke yake. Ukiipachika kwenye Intel, kioo cheusi, na muuzaji anakwambia bodi yako mbovu.

Ningekuwa naanza upya leo na hela ile ile, nisingenunua kadi kabisa kwanza. Ningetafuta mashine yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G hata ya mkononi kwa mtu, koa sita, grafiksi yake imo ndani ya prosesa, ramu vijiti viwili maana kijiti kimoja kinaipunguza nguvu sana, na kadi ningeongeza hela ikipatikana. Magemu mepesi inayamudu bila kulalamika. Mwenye boksi tayari na anayetaka kadi isiyo na waya, GTX 1650 ya 2019 ndiyo ningeitafuta. RX 6400 nayo inakula wati 53 tu na ipo nyembamba ya kuingia kwenye boksi dogo, ila inatumia njia nne tu za PCIe (nafasi inapopachikwa kadi kwenye bodi), hivyo kwenye mashine kuukuu inapoteza kasi.

Na kwenda dukani, nenda na flashi yako yenye GPU-Z na CPU-Z, inayosoma prosesa. Usikubali flashi ya dukani. Mwambie muuzaji unaweka draiva mpya kutoka tovuti yenyewe hapo hapo mbele yake, na unaiacha mashine icheze gemu la kisasa dakika ishirini boksi likiwa wazi, uguse nyaya. Anayeuza kitu halisi atakuletea kiti. Wangu angesema umeme unakatika saa hiyo.

Juzi nimeona kitambaa kile cha maua mekundu kwenye akaunti nyingine, jina jipya, safari hii ni "GTX 1060 mini" kwa 520,000. Nimemuuliza mwenye akaunti anipige picha ya nyuma ya kadi. Hajajibu.

Kadi yangu ninayo. Fundi mmoja alinipa elfu sabini, akasema wapo wa kuichukua. Nikamwuliza wepi, akacheka. Nimechukua maka peni nikaandika FEKI pande zote mbili za feni, na mpwa wangu ameiandika upya bayosi yake irudi kwenye jina lake la kuzaliwa.