Dhahabu za marehemu mama: niliziyeyushia mjini, nikiwa nimekaa palepale

Zilikuwa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka: mkufu uliokatika mara mbili, hereni moja iliyopoteza mwenzake, pete yenye chapa ya 375 (yaani katika sehemu elfu, 375 ni dhahabu), kipande cha bangili nyembamba chenye chapa ya 916, na bangili moja nene isiyo na chapa yoyote. Hiyo nene ndiyo tuliyokuwa tukinuniana mimi na dada zangu tangu arobaini ya mama.

Duka la kwanza, Kariakoo, silitaji. Mzani ulikuwa chini ya kaunta na feni inazunguka juu. Kijana akaziangalia rangi tu, akasema, "Hizi zote karati 14 mama, na gramu moja naitoa, ni uchafu." Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu; dhahabu tupu ni 24. Mimi nauza viungo soko la Temeke Sterio. Mtu akipima kitu changu bila mimi kuiona namba, nabeba mfuko wangu. Nikabeba.

Karakana ninayoisifia iko ghorofani, jirani na maduka ya masonara ya mtaa wa Indira Gandhi. Ngazi zina giza, unagonga mlango wa chuma, unasubiri. Nilimwamkia fundi, mzee wa makamo, akavuta stuli akaniambia nikae karibu na meza ili nione.

Alianza na ile bangili nene. Akaisugua kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa njano mzuri kabisa. Akaikwangua kidogo kwa tupa upande wa ndani, akadondosha tone la asidi ya naitriki palepale. Ikatoa povu la kijani. Shaba iliyopakwa dhahabu. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mama aliivaa harusi zote. Dada zangu bado sijawaambia.

Zilizobaki zikaenda kwenye mzani. Upo ndani ya kisanduku cha kioo, stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu imebandikwa ubavuni. Namba ilikuwa inacheza, 14.58, 14.63, 14.59. Fundi akainuka akazima feni, akafunga kioo, ikatulia kwenye 14.60. Joto la Dar mnalijua. Jasho lilinitiririka hadi kiunoni, lakini mtu anayezima feni kwa ajili ya mzani wangu nimempenda.

Akatia vyote kwenye kijungu na boraksi, unga wa kuvuta uchafu wakati wa kuyeyusha, akawasha moto wa gesi. Mkufu ndio ulioanza kulegea, ukajikunja kama uzi uliolowa, mara vikawa tone moja linalotetemeka. Kilipopoa kikawa kitufe kisichovutia hata kidogo, gramu 14.3. Mashine ya eksirei ikasoma dhahabu asilimia 69.8, yaani gramu 9.98 za dhahabu tupu. Kwa kujumlisha chapa tulipata 10.37. Nikamuuliza nyingine imekwenda wapi. Akanionyesha picha ya mkufu aliyopiga kwa simu kabla ya moto: maungio mengi, na kila ungio lina lehemu yenye dhahabu pungufu. Akaniambia pia kwamba mashine ile husoma ngozi ya juu tu, ndiyo maana huyeyusha kwanza. Kwa hesabu ya yule kijana wa Kariakoo, hivi bila ile bangili nene ningelipwa kama gramu 8.

Nilipokosea mimi ni hapa. Fundi alisema kitufe angekinunua vilevile, kwa asilimia 94 ya bei ya siku (anachukua bei ya dunia ya aunsi, anagawa kwa 31.1, ndizo gramu za aunsi moja, mbele yako). Au akisafishe kwa shilingi 60,000, nirudi baada ya siku mbili, anunue kwa asilimia 96. Nikataka kusafisha, kwa ushamba tu wa kutaka kuona karati 24. Anaichanganya na madini ya fedha, sehemu tatu za fedha kwa moja ya dhahabu, anaikanda iwe bati jembamba, anaichemsha kwenye asidi inayokula fedha na shaba. Kinachobaki ni unga wa kahawia. Ungeniwekea mezani kwangu ningesema ni mdalasini uliochakaa. Ukiyeyushwa tena ndipo unapong'aa. Nilipata gramu 9.9. Asilimia mbili za nyongeza hazikufika hata hiyo elfu 60, achilia mbali nauli. Kwa vigramu kama vyangu, uza kitufe.

Lawama yangu nyingine ni fedha iliyokuwemo kwenye vito vyangu wakati wa kusafisha. Inabaki kwenye asidi yao, hairudi kwangu, na hakuna aliyenitajia hadi nilipouliza. Thamani yake ni ndogo, lakini waseme mapema.

Pesa waliniingizia benki. Nilisubiri ujumbe uingie ndipo nikashuka ngazi. Bangili walinirudishia kwenye bahasha, wameipima nayo na kuandika juu: shaba, gramu 22.4.