Nyota 2 kwa hawa jamaa wa malipo ya kadi, na moja ni ya ile miaka 3 ya mwanzo

Jina lao sitaji, mwenye biashara ya mtandaoni akisoma atawajua au atamkumbuka mwenzao mmoja anayefanana nao, maana hawa wote wamenyonya ziwa moja. Ni kampuni ya nje ya kupokea malipo ya kadi, ile unamtumia mteja linki anaweka namba zake za kadi hela inaingia kwenye salio lako, afu wewe unaihamishia benki ukitaka.

Sisi tuna kakampuni ka utalii hapa Arusha, kadogo kweli yaani, gari mbili, moja yetu moja bado ya mkopo. Mume wangu ndo dereva na ndo muongozaji wa wageni (lile jina la kizungu la kazi yake ukiliandika kwa Kiswahili linageuka gaidi, tumeliacha), mimi niko ofisini kwetu mtaa wa Sakina na laptopu, simu, invoisi na maswali ya wageni wanaotaka kujua kama simba anaweza kuingia kwenye hema.

Nianze na mazuri maana yapo. Miaka 3 hawakuwahi kutuzingua. Mgeni analipa dipoziti asilimia 30 akiwa kwake kitandani, dakika haiishi simu yangu inalia, risiti imeshamfikia. Makato ni kama asilimia 4 na kidogo kwa kadi za nje, nilikuwa nanung'unika ila nalipa, ukilinganisha na kumwambia Mjerumani aende benki ajaze fomu ya TT, ile ya kutuma hela benki kwa benki kwenda nje, hiyo 4 ni raha. Ukurasa wa kulipia ni safi, kadi hazikataliwi ovyo. Kwa hilo nyota yao ipo palepale.

Sasa msala. Mwezi wa 5 tarehe 9 kundi la Waholanzi 6 wakalipa dipoziti ya safari ya Julai, dola 5,400 kwa mkupuo. Sisi malipo yetu ya kawaida ni dola 600, 700 hivi, kwa hiyo hiyo ilikuwa sherehe, siku hiyo tulikula nyama choma. Tarehe 12 ikaja imeili wanataka vielelezo, nikatuma leseni ya utalii, cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, TIN, invoisi, ratiba ya safari siku kwa siku mpaka majina ya kambi. Tarehe 14 saa tisa usiku simu ikatetema, nikajua ni mgeni wa upande wa pili wa dunia kumbe ndo hao, akaunti imefungwa, biashara yenu ina hatari isiyokubalika kwetu, uamuzi ni wa mwisho, salio litashikiliwa siku 180. Salio lilikuwa dola 9,840.

Najua swali lenu, hela yote hiyo ilikuwa inafanya nini humo? Nimeiacha mwenyewe. Kila ukihamisha kwenda benki kuna makato, na nilipenda kuiona imekaa kwa dola, nikawa naijaza kama kibubu mpaka msimu ufike ndo nivunje. Kibubu changu ila nyundo anayo mtu mwingine. Hilo ndo kosa langu namba moja na hakuna wa kumlaumu.

Kosa namba mbili, akaunti yenyewe. Sisi wa Tanzania mengi ya haya makampuni makubwa hayatufungulii akaunti ya kupokea, kuna mengine unaweza kutuma hela ila kupokea huwezi. Kwa hiyo tukafanya wanachofanya wengi, tukamlipa wakala akatusajilia kampuni Marekani jimbo la Wyoming, halali kabisa kwa makaratasi, ila mimi Wyoming siijui hata imekaa upande gani. Sasa kompyuta yao inaona kampuni ya Wyoming, mwenye nayo anaingia kila siku akiwa Arusha, anauza safari za Serengeti, mara dola 5,400 zinadondoka siku moja. Hata mimi ningekuwa ndo ile kompyuta ningeshtuka.

Kilichoniuma ni kwamba hiyo kompyuta ilikuwa inayaona hayo yote miaka 3 na inakula makato yake kimya.

Nikaanza kusoma kwa nini siku 180, maana kwa hasira nilidhani wanafanyia biashara. Iko hivi. Mwenye kadi ana haki ya kwenda benki yake kusema sikupata nilicholipia, ndo inaitwa chajibeki, na kwa kadi nyingi ana siku 120. Akishinda hela inakatwa kwa yule kampuni ya malipo, yeye ndo aje anidai mimi, na kama mimi nimeshayeyuka imekula kwake. Kwa hiyo anakaa na hela mpaka dirisha lifungwe. Kwa watu wa safari ni mbaya zaidi, kwa Visa zile 120 zinaanza kuhesabiwa kuanzia siku ambayo mgeni alitakiwa kusafiri, siyo siku aliyolipa, mgeni wa Julai ana mpaka Novemba. Ndo maana utalii wanatuweka kapu moja na biashara za hatari, na korona ilipokuja 2020 safari zikafutwa dunia nzima wakakumbuka kwa nini. Mantiki ipo. Ila basi si waniambie siku ya kwanza, tutakushikia asilimia 10 ya kila malipo kwa miezi 6, ningekubali huku nacheka. Kuniacha nikimbie miaka 3 afu kunikata mguu mwezi mmoja kabla ya msimu, hapo ndo nyota zimeanguka.

Na msimu haukusubiri. Hifadhi hupewi kibali kwa mkopo, unatengeneza kontroli namba unalipa ndo unaingia, Serengeti msimu wa juu mgeni mtu mzima ni dola 70 kwa siku bado VAT, kushuka kreta Ngorongoro gari moja ni 250 bado VAT, kambi zinataka nusu mapema. Mpishi wetu akaniuliza, "Dada, hao wazungu wa Julai bado wapo au tutafute pengine?" Nikamwambia wapo. Sikuwa na uhakika.

Sapoti yao ni roboti ya kujibu meseji, unaandika inakushukuru kwa uvumilivu. Nimeandika mara 11, binadamu alijibu mara 2, na majibu yote 2 yalikuwa yaleyale neno kwa neno, kwa hiyo hata huo ubinadamu wake sina uhakika nao. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa utalii nikapewa ushauri wa kila aina. Mmoja akasema waambie wageni wako wote wapige chajibeki warudishiwe na benki zao afu wakulipe upya, fasta. Nashukuru sikufanya. Mastercard wana orodha yao ya wafanyabiashara waliofungiwa, inaitwa MATCH, ukiingia humo unakaa miaka 5 na karibu kila kampuni ya kadi unayoomba inaangalia humo kwanza, na moja ya njia za kuingia ni chajibeki nyingi. Ungeniona leo nauza safari kwa noti mkononi.

Kilichosaidia nilikikuta mwenyewe nikiperuzi dashibodi kwa uchungu. Akaunti imefungwa, kutoa hela siwezi, ila kitufe cha kumrudishia mteja bado kinafanya kazi. Yaani hawanipi mimi ila wako tayari kumrudishia mwenyewe, na ukifikiria ni sawa, akirudishiwa hana cha kulalamikia. Shida ikawa kuwaambia wageni. Hebu jaribu kuandika hiyo imeili: samahani akaunti yetu ya malipo imefungwa, naomba utume hela kwenye akaunti yetu ya benki Tanzania. Ndo imeili ya tapeli hiyohiyo, haijapungua hata nukta. Nikaifuta mara 4.

Mume wangu ndo akasema warudishie kwanza, usiombe kitu. Nikaona ananiletea wazimu, nirudishe dola 8,940 nikiwa sina hata ya mafuta? Ila ndo ikawa dawa. Nikarudisha za familia ya Wajerumani 2,300, Wakanada wawili 1,240, na zile 5,400 za Waholanzi, afu nikaandika hela yako imerudi angalia kadi yako, sababu ni hii, safari yako bado ipo kwa bei ileile, ukitaka kuendelea njia ni TT. Mama mmoja wa Kiholanzi anayeshika hela za kundi akataka video, tukapigiana, nikamzungusha ofisini, nikamwonyesha leseni ukutani, nikatoka nje nikamwonyesha Cruiser na namba zake, mume wangu chini ya gari miguu tu inaonekana. Akacheka. Siku 3 za kazi hela ikaingia, pungufu dola 25 za benki ya katikati. Wajerumani wakafuata wiki hiyohiyo. Wakanada wakapokea yao wakakaa kimya. Makato ya mwanzo yale ya asilimia 4 hayarudishwi, hapo zilinichomoka kama dola 370 za hewa.

Zilizobaki 900 zilikuwa za mgeni wa Australia aliyeshamaliza safari Aprili, hizo hazina wa kurudishiwa, zikakaa. Siku ya 180 ilikuwa Novemba 10, zikaingia Novemba 13, kamili bila kupungua. Nasema ukweli, hawakuiba. Nyota ya pili ni ya hiyo.

Sasa hivi tuko na kampuni ya hapahapa nchini yenye leseni ya Benki Kuu, makato yamezidi kidogo, ukurasa wao wa kulipia umekaa kama fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, kadi za Wamarekani wakati mwingine zinagoma mpaka mgeni apige simu benki kwake. Ila kampuni inajulikana ni ya Tanzania na mimi niko Tanzania, wameniambia mapema asilimia watakayoshikilia, na kuna ofisi naweza kwenda nikakaa kwenye kiti mpaka nisikilizwe. Kila Ijumaa nafagia salio lote kwenda benki, makato nayaona ni ya ulinzi. Malipo makubwa kuliko kawaida nawaandikia kabla hayajaingia.

Hawa wa zamani wanamfaa nani? Ukiuza kitu kinachofika siku hiyohiyo na kampuni yako iko kweli nchi wanayoihudumia, watumie, ni wazuri. Ukiuza safari ya miezi 3 mbele kutoka Arusha, hapana.

Wakanada mpaka leo hawajajibu. Ila Agosti niliwaona Instagram wako Seronera, hukohuko Serengeti, na kampuni nyingine, wamesimama kwenye gari paa limefunguliwa, nyuma yao chui juu ya mti. Gari zuri kweli.