Kampuni yetu iliponunuliwa: uzoefu wangu na kivinjari salama cha kazini

Kampuni ninayofanyia kazi inasambaza bidhaa za madukani. Makao makuu yako Dar es Salaam, na tuna matawi Mwanza, Mbeya na Arusha. Mwaka jana tulinunuliwa na kundi la makampuni lenye makao yake Nairobi. Mimi niko TEHAMA, na mara tu mikataba iliposainiwa nikakabidhiwa kazi: wafanyakazi wetu wote waanze kutumia mifumo ya mmiliki mpya mapema iwezekanavyo, na taarifa za upande wowote zisivuje. Njia tuliyotumia ni kivinjari salama cha kampuni. Jina la bidhaa silitaji kwa kuwa masharti ya mwajiri hayaruhusu, lakini ninayoyaeleza yatamfaa fundi yeyote atakayebebeshwa mzigo kama huu.

Kwa asiyekijua, ukikitazama utadhani ni Chrome ya kawaida, na si ajabu, maana vingi vya aina hii vimejengwa juu ya Chromium, msimbo huria (programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha) ambao Google iliuachia mwaka 2008. Tofauti iko kwenye sheria zilizo ndani yake. Kampuni ndiyo inayoamua nani afungue mfumo upi, nani apakue faili, na maandishi yaliyonakiliwa kwenye mfumo wa mauzo yaruhusiwe kubandikwa wapi. Sokoni wapo Island ya Dallas, iliyoanzishwa 2020, na Palo Alto Networks, kampuni ya usalama wa mitandao iliyoinunua Talon ya Israel mwishoni mwa 2023. Microsoft wana Edge for Business. Google walitangaza Chrome Enterprise Premium Aprili 2024 kwa dola 6 kwa mtumiaji kwa mwezi.

Kabla ya kufika hapo tulipima njia nyingine. Kununua laptop mpya kwa kila mtu, kuzipanga na kuzisafirisha hadi mikoani kungekula miezi. Kompyuta za mbali, zile ambazo mtu anaangalia skrini ya seva iliyoko kwingine, tulizijaribu kwa tawi la Mbeya, na intaneti ilipolegea kidogo tu, kipanya kilichelewa na herufi zikatokea baada ya mtu kumaliza kuandika. Kivinjari kinafanyia kazi palepale kwenye mashine ya mtumiaji na kinachopita njiani ni kurasa tu, kwa hiyo hata anayetumia bando la simu anafanya kazi bila shida kubwa.

Iliyobaki ilikuwa VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuiunganisha kompyuta ya mtu na mtandao wa kampuni kupitia intaneti, na hapo ndipo nilipokuwa mgumu kweli kweli. VPN ya kawaida humwingiza mtu kwenye mtandao wenyewe, na akiingia na kompyuta yenye kirusi, kirusi nacho kimeingia. Baada ya ununuzi hakuna upande unaojua kwa hakika mwenzake amebeba nini. Kisa ninachokitaja kila mara vikaoni ni cha Marriott, kampuni ya hoteli ya Marekani. Walikamilisha ununuzi wa hoteli za Starwood mwaka 2016, huku wadukuzi wakiwa wameshaingia kwenye mfumo wa Starwood wa kuhifadhi nafasi za wageni tangu 2014. Waligunduliwa Septemba 2018. Kumbukumbu za wageni zipatazo milioni 339 duniani ziliguswa, na Oktoba 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikawatoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4. Ukinunua kampuni, umenunua na kilichojificha kwenye seva zake. Kwa maoni yangu sifa kubwa ya kivinjari hiki ni hiyo hasa: watu wanaanza kazi pamoja wakati mitandao miwili bado iko mbalimbali, na mafundi wanapata nafasi ya kukagua polepole.

Siku ya kuanza kila mfanyakazi alipata barua pepe yenye kiungo. Akapakua, akaingia kwa akaunti mpya, akathibitisha kwa msimbo kwenye simu, na ukurasa wa mwanzo ukamfungukia ukiwa na mifumo ya kitengo chake peke yake: wa ghala aliona stoo na oda, wa uhasibu akaona malipo, na wote waliona fomu za likizo. Mtu wa mauzo Arusha aliingiza oda yake ya kwanza kwenye mfumo wa Nairobi kabla ya chakula cha mchana, akiwa na laptop ileile ya zamani. Nimehamisha mifumo mara nyingi na sijawahi kuona mwanzo mwepesi namna ile.

Kwenye mashine chakavu mambo yalikuwa mengine. Tulikuwa na kompyuta za Windows 7 kwenye maghala, na Chromium iliacha kuzihudumia tangu toleo la 110, mwanzoni mwa 2023. Kivinjari kiligoma kabisa kuingia humo, ikabidi zibadilishwe. Kwa nyingine, kivinjari hukagua kwanza kama mfumo umesasishwa na kama diski imefungwa kwa usimbaji, kisha ndipo kinafungua mifumo nyeti. Wahasibu wawili walizuiwa kwenye mishahara kwa sababu hiyo. Walikasirika, nami nikafurahi kwamba ukaguzi ule unafanya kazi.

Jambo dogo lililosaidia kuliko mafunzo yote ni kwamba jumbe za onyo zinaweza kuandikwa upya, nasi tukaziandika kwa Kiswahili. Dada mmoja wa Mwanza alinakili orodha ya wateja akataka kuibandika WhatsApp. Badala ya kukutana na ukimya, alisoma: “Taarifa za wateja hazitoki nje ya mifumo ya kampuni. Ukihitaji kumtumia mwenzako, tumia kitufe cha Shiriki hapo juu.” Alinipigia simu kuuliza kitufe kiko wapi, tukamaliza.

Printa ndiyo iliyotusumbua. Sera zilizotoka makao makuu ya kundi zilikuwa zimezima uchapishaji kwa kila mtu, na kwetu lori halitoki getini bila hati ya mzigo iliyopigwa muhuri. Asubuhi ya siku ya kuanza malori yalipanga foleni, madereva wakishuka kuuliza kulikoni, msimamizi wa ghala akiandika hati kwa mkono. Ruhusa ilipotoka Nairobi jua lilikuwa limeshapanda. Teknolojia yenyewe ilikuwa na kipengele cha kuruhusu hati za aina moja kwa printa moja, ila aliyepanga sera hakuwa amewahi kusimama kwenye geti la ghala. Sera za namna hii zinapaswa kupitiwa mezani na msimamizi wa kila tawi kabla ya siku ya kwanza.

Halafu kuna suala la faragha, na hili nalisema kwa uzito. Mhasibu wetu mkuu, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliniita ofisini kwake akaniuliza: “Mwanangu, nikifungua akaunti yangu ya benki humu, hao watu wanaona?” Swali lake lilikuwa la haki. Kivinjari kinaweza kurekodi kurasa, mibofyo, hata picha za skrini, kulingana na kilivyopangwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika Tanzania tangu Mei 2023, inamtaka mkusanyaji amweleze mtu taarifa zake zinachukuliwa kwa kusudi gani, na kuzihamishia nchi nyingine nako kuna masharti yake. Kenya nao wana sheria yao ya 2019. Tulikaa na mwanasheria, tukaandika ukurasa mmoja unaoeleza kinachorekodiwa, nani anakiona na kinakaa muda gani. Mambo binafsi tukashauri yafanyiwe kwenye kivinjari cha kawaida, ambacho hatukukiondoa kwa mtu yeyote. Baada ya hapo minong'ono ilipungua sana.

Yako mambo ambayo hakiyawezi. Mtu akipiga picha ya skrini kwa simu yake hakuna wa kumzuia, ingawa jina la mtumiaji linaloonekana kwa ufifi juu ya ukurasa litamtaja. Programu yetu ya zamani ya uhasibu haifunguki kwenye kivinjari, kwa hiyo bado iko kwenye seva ya Dar na wahasibu wanaishi na mifumo miwili.

Kwa kuingiza watu kazini baada ya ununuzi, naipa bidhaa hii nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokosekana ni ya gharama, kwa kuwa malipo ni kwa kila mtumiaji kila mwezi na wafanyakazi wa muda wa msimu wa sikukuu nao wanahesabiwa. Anayekwenda kujadili mkataba sasa adai bei ya msimu iandikwe tangu mwanzo, na adai pia kwamba fundi wa tawi apewe ruhusa ya kufungua printa bila kusubiri makao makuu. Sisi tunayaomba yote mawili kwenye mkataba mpya.