Uzoefu wangu na Calligraphr: mwandiko unatoka vizuri, shida ni ritifaa (ile alama ya ' kwenye ng'ombe)

Calligraphr ni huduma ya mtandaoni. Unachagua herufi, unapakua kiolezo, unakichapa, unajaza visanduku kwa mkono, unaskani na kupakia, kisha unapewa fonti ya TTF au OTF, aina za faili za fonti unazosakinisha kwenye kompyuta. Kwa kadi, lebo na vichwa vya habari inafaa sana. Kwa kitabu kizima, hapana, macho yatachoka.

Toleo la bure linaishia herufi 75. Kubwa 26, ndogo 26 na tarakimu 10 ni 62 tayari. Q na X usizitoe eti Kiswahili hakizihitaji, maana ukiandika Iraq tu utaumbuka. Zinabaki nafasi 13 za alama, na mbili kati ya hizo ni za ritifaa: iliyonyooka (namba yake ya Unicode ni U+0027) na iliyopinda (U+2019). Word huigeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda kila unapoandika ng'ombe au ng'oa. Fonti yako isipokuwa na iliyopinda, Word inaazima kwingine, na katikati ya mwandiko wako kinakaa kijiti cha fonti ya kiwandani. Kwenye karatasi alama hizi mbili zichore sawasawa.

Kalamu ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Herufi yenye kimo cha mm 6 kwenye kisanduku hushuka hadi mm 2 hivi ikichapwa kwa saizi ya 12, kwa hiyo mstari wa mm 0.5 unabaki chini ya mm 0.2, mwembamba kama unywele. Tumia kalamu nyeusi ya ncha ya sufi, mm 0.8 hadi 1. Ikizidi hapo, matundu ya e na a yanaziba. Bolpeni iache kabisa: wino wake unakatika-katika na kingo za herufi zinatoka na meno. Andika kwa kasi yako ya kawaida, kwani ukichora polepole utapata herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Mikia ya g, j, p na y isivuke kisanduku, ikivuka, inakatwa.

Skani kwa nukta 300 kwa inchi, alama za kwenye pembe za kiolezo zikionekana zote. Picha ya simu inakubalika kama karatasi imelala bapa na mwanga ni sawa pande zote, vinginevyo kivuli cha mkono kinageuka madoa meusi ndani ya herufi.

Nafasi za kushoto na kulia unazirekebisha herufi moja moja, na hapo ndipo Wa, Ta, Ya na Vya, ambazo Kiswahili hakiishi bila hizo, zinaacha pengo baada ya herufi kubwa. Ukiibana T peke yake, Th nayo inagongana. Mimi huimalizia fonti kwenye FontForge, programu ya bure ya kuhariri fonti, kwa kubana jozi zenyewe.

Toleo la kulipia linafika herufi 480 na linaruhusu maumbo kadhaa ya herufi moja, ili a mbili za "saa" zisifanane kama pacha. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+D, nenda kichupo cha pili, uwashe herufi mbadala za kimuktadha (Use Contextual Alternates), yaani Word ibadilishe maumbo yenyewe; bila hivyo utaona umbo moja tu na kudhani umeibiwa.

Kazi ikiisha, itume kama PDF yenye fonti ndani yake. Na sahihi yako ya benki usiiweke kwenye fonti hata kidogo.