Tahadhari kwa wenye pikapu Arusha: nimeuziwa stata kuukuu iliyopakwa rangi

Ninaandika haya kwa hasira na, nikisema kweli, kwa aibu pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka watu wanaouziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu.

Jumamosi ile ya gulio la Tengeru, matenga ya nyanya yakiwa yameshapangwa nyuma ya Hilux, niligeuza ufunguo nikasikia "ta!" moja, basi. Taa za dashibodi hazikufifia hata kidogo. Vijana walinisukuma, injini ya dizeli ikashika, nikashusha mzigo soko la Kilombero mjini bila kuizima, kisha nikaenda moja kwa moja kwenye duka la spea nililoelekezwa na mtu wa sokoni.

Mwenye duka alinisalimu kwa Kimeru, akaniita mama, akaniwekea kiti kivulini. Kijana wake aliingia chini ya gari na baada ya nusu saa akatoka na stata yangu, ile mota ya kuwashia injini. Waliilaza sakafuni, mmoja akaikanyaga kwa buti, mwingine akagusisha nyaya za betri iliyokuwa pale kwenye kona: ikalia "ta" na kunyamaza. "Mama, hii imeungua kabisa." Kisha akashusha rafuni stata nyeusi inayong'aa, imefungwa nailoni, akavuta betri nyingine kutoka chini ya kaunta na kugusisha nyaya zile zile. Stata ilinguruma, gia yake ndogo ikachomoza mbele, nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika kama fundi. Betri mbili tofauti, moja kwa stata yangu na nyingine kwa yao! Nilizitazama zote kwa macho yangu na sikuuliza kitu.

Mtasema nilikuwa mjinga, lakini mtu aliyekujaribia kifaa mbele ya macho yako, anayezungumza lugha ya nyumbani kwenu, tena umri wake sawa na mwanangu wa kwanza, ungemshuku kwa lipi? Bei ilianzia shilingi 320,000, tukaelewana 250,000 na nimwachie ile ya zamani. Gari liliwaka kwa mguso mmoja, na njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nikimwombea baraka.

Siku ya nne, Jumatano, katika gulio lile lile, nilisikia "ta!" ile ile. Fundi wetu wa Usa River, ambaye ningemfuata tangu mwanzo kama si haraka zangu, alipima betri ikasoma volti 12.6, nami nilipogeuza ufunguo kipimo hakikushuka, akasema umeme haufiki ndani ya mota. Alipoifungua, kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika hadi karibu na mwisho, na alipokwaruza rangi kwa bisibisi kutu ikaonekana chini yake. Alinieleza kwamba stata ikizunguka sakafuni bila mzigo haijathibitisha lolote, kwani kuzungusha injini ya dizeli kunahitaji umeme mwingi mno kuliko huo. Kwa maelezo yangu, anaamini stata yangu ya awali ilikuwa imelika vipande vya shaba ndani ya solenoidi tu, yaani swichi ya stata inayopeleka umeme kwenye mota, kazi ya fedha kidogo.

Niliporudi dukani, "mama" ilikuwa imekwisha. Niliambiwa vifaa vya umeme havirudishwi. Mtu wa namna hii anastahili kufungiwa duka, kunyang'anywa leseni na kurudisha fedha ya kila aliyemwibia, kisha akae ndani atafakari ni akina mama wangapi amewaozeshea nyanya. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa jalada liko polisi, na barua ya Tume ya Ushindani ninaiandaa. Dalili zilikuwepo: kikaratasi cha mkono badala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, jina la mtu mwingine kabisa lililotokea kwenye simu nilipolipa, na vichwa vya boliti vyenye alama za spana chini ya rangi mbichi. Hata hivyo, mimi ninachotaka ni akamatwe.

Stata yangu alidai ameshaiuza. Ukinunua stata ya Hilux ya dizeli wiki hizi, kwaruza rangi karibu na tundu la boliti. Ukikuta herufi mbili zilizochongwa kwa msumari, ni yangu, na ninaomba unitafute.