Kawasaki Ninja 500 kwa anayeanza: nguvu ileile, uvutaji mwingine

Ukilinganisha takwimu tu unaweza kudhani Kawasaki wamebadilisha jina. Pikipiki ya Ninja 400 iliyotoka 2018 ilikuwa na nguvu za farasi 45. Hii 500 ya 2024 nayo ina 45. Tofauti unaikuta ukiwa barabarani, gia ya 3, injini iko kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, na unataka kupita lori. Kwenye 400 ilibidi ushushe gia kwanza. Hii unavuta mafuta tu, inaondoka.

Sababu iko ndani ya silinda. Upana umebaki milimita 70, lakini mwendo wa pistoni umerefushwa kutoka milimita 51.8 hadi 58.6, ndipo cc 399 zikawa 451. Torki, yaani nguvu ya injini ya kusokota, imefika Nm 42.6, na kilele chake kiko kwenye mizunguko 6,000, wakati 400 ilikingoja hadi 8,000. Kwa mwanafunzi hilo lina maana kubwa kuliko kama wangemwongezea farasi watano: akikosea gia, injini inamsamehe, haitetemeki wala haizimiki ovyo kwenye makutano.

Farasi hawakuongezwa, na leseni ya A2 ya Uingereza na Ulaya, ile ya pikipiki za nguvu ya kati, haikuacha nafasi kubwa ya kuwaongeza. Inataka pikipiki isiyozidi kilowati 35, tena isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Ninja 500 ina kilowati 33.4 na kilo 171 ikiwa na mafuta, yaani 0.195. Kwa hiyo haihitaji kufungiwa kizuizi chochote cha nguvu.

Kiti kiko milimita 785 kutoka chini, na chembamba kwa mbele, hivyo hata mtu mfupi anakanyaga ardhi vizuri. Usukani uko juu kidogo kuliko sura ya pikipiki inavyokutisha. Viganja havibebi uzito wote. Klachi ni laini, vidole viwili vinatosha, na ukishusha gia kwa pupa inateleza kidogo badala ya kulifunga gurudumu la nyuma. Hapo nawasifu sana, maana kushusha gia vibaya huku unaingia kona ni kosa la karibu kila anayeanza.

Jambo moja linawashtua wageni: ukiwa umesimama, ukipandisha kutoka gia ya 1 inaishia frii, haifiki ya 2. Sanduku la gia ni zima. Kawasaki wameliunda hivyo ili frii ipatikane bila kutafuta kwenye taa nyekundu. Sogea kidogo ndipo uingize ya 2. Na waliozoea bodaboda ambazo gia zote hukanyagwa chini wawe makini: hapa ya 1 iko chini na tano zilizobaki ziko juu. Mguu uliozoea kule utashusha gia pale ulipotaka kupandisha.

Breki ya mbele ni diski moja ya milimita 310. Inatosha, ila haiumi ghafla. Inakutaka ubane taratibu na kuongeza. Udhaifu ninaouona ni shokapu za mbele: hazina marekebisho yoyote, na mwendeshaji mzito akifunga breki kwa nguvu, pua inazama. Nyuma unaweza kukaza springi, basi ikaze kabla ya kubeba abiria. Hakuna mfumo wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure ukivuta mafuta kwenye lami iliyolowa, kwa hiyo mkono wa kulia ndio mfumo wenyewe. Marekani huuzwa pia toleo lisilo na ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukibana breki. Usilinunue.

Katika kilomita 800 za kwanza usipitishe mizunguko 4,000, kisha 6,000 hadi ufike kilomita 1,600. Bahati nzuri torki nyingi iko chini, kilele chake kikiwa hapo kwenye 6,000, hivyo kipindi hiki hakichoshi kama ilivyokuwa kwenye 400. Kaa mbali na barabara kuu za kasi kwanza, na badilisha mwendo mara kwa mara. Sevisi ya kwanza ni kilomita 1,000, oili na filta vyote vitoke.

Oili iwe 10W-40 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Ukimimina ya gari iliyoandikwa kwamba inapunguza matumizi ya mafuta, klachi inaweza kuanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haiendi. Cheni ipime kwa stendi ya pembeni, katikati ya sproketi mbili: icheze milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa na ufuate ile iliyokaza zaidi. Wengi wanaikaza mno wakidhani ndiyo usalama, kumbe wanaua beringi, kwa sababu mtu akikaa na shokapu ikibonyea cheni huvutika zaidi.

Mshindani wake, Honda CBR500R, ina diski mbili mbele, tangi la lita 17 dhidi ya 14, na toleo la 2024 lina ule mfumo wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure. Kwa safari ndefu ningeichagua hiyo. Lakini ina kilo 20 hivi zaidi, na kwa anayejifunza kugeuza kwenye uwanja mdogo, kilo hizo ndizo zinazoiangusha pikipiki.

Toleo la Ninja 500 liitwalo SE linaongeza hasa skrini ya rangi kwenye dashibodi na ufunguo wa kukaa mfukoni. Injini, fremu na breki ni zilezile. Pesa hiyo ningeiweka kwenye vilinda fremu, maana pikipiki ya mwanafunzi ikilala upande mmoja hata ikiwa imesimama, kava la plastiki, kioo cha pembeni na mkono wa klachi huharibika kwa pamoja.